Naombeni ushauri: kila nikitua na paramota naangukia magoti

Kipanga wa Mlimani
Wakuu, habari za jioni. Nina shida ambayo mtaani sina wa kumuuliza. Narusha paramota, ile mota unayoibeba mgongoni, propela nyuma na bawa la kitambaa juu. Nimesharuka mara 14. Kuondoka chini sina tatizo, angani sina tatizo, tatizo ni kutua. Nafika chini kwa kasi, miguu haiwahi, naangukia magoti na mota yote inanilalia mgongoni. Goti la kulia limevimba, kanisani wenzangu wanapiga magoti mimi nabaki nimekaa. Nimebadili viatu, nimenunua na pedi za magoti.
Swali langu: breki, zile kamba mbili za mkononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa, nivute nikiwa umbali gani kutoka ardhini? Kwenye video mmoja anasema mita tatu, mwingine mita moja. Nina siku tisa tu za kulirekebisha hili. Naombeni majibu ya maana, sina raha kabisa.

Sajini Mstaafu
Kijana, nimeruka na miavuli jeshini miaka mingi. Siri ni miguu miwili pamoja, magoti yakunjwe kidogo, na ukigusa chini usisimame, anguka kwa ubavu: unyayo, shavu la mguu, paja, nyonga, bega. Hakuna goti litakaloumia. Mara ya kwanza niliogopa mpaka mkufunzi alinisukuma mlangoni, na nilipofika chini nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mwavuli wa siku zile ulikuwa wa duara, hauna breki, unakupeleka utakako wenyewe.

Mama Wawili
Mwanangu, una familia? Bima yako inalipa ajali ya kuruka angani? Nauliza kwa sababu kaka yangu alivunjika mguu kwenye bodaboda na tuliuza ng'ombe wawili. Magoti hayana spea.

Mswahili Maskati
Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Maskati, na alfajiri za Ijumaa huwa narusha hiyo hiyo paramota jangwani na wenzangu. Sajini, shikamoo, maneno yako ni ya mwavuli wa jeshi. Mwenye mota mgongoni hawezi kubiringika kwa ubavu, ataiviringia fremu na propela.
Ndugu Kipanga, jibu la swali lako ni hili. Zima injini ungali juu, mita 50 hivi kwa anayejifunza. Toka kwenye kiti mapema, miguu ining'inie, mmoja mbele. Mikono iwe juu kabisa wakati wa kushuka, bawa lipate kasi, maana kasi hiyo ndiyo utakayoitumia kusimama. Macho yatazame mwisho wa uwanja, si miguuni. Ukifika kimo cha paa la nyumba ya kawaida, anza kuvuta pande zote mbili sawasawa, taratibu. Bawa litaacha kushuka na kwenda sambamba na ardhi. Likitaka kuzama tena, maliza kuvuta mpaka mikono iguse mapaja, na ukimbie.
Ukivuta mapema likapanda, usiachie mikono! Ukiachia, bawa linachupa mbele na wewe unabembea kama ndoo ya kisimani. Shikilia ulipofikia, ngoja, kisha malizia. Na usinyooshe mkono kujikinga na ardhi, kwa sababu mkono huo una breki.
Sasa na mimi nina maswali. Ulifundishwa wapi, unarukia wapi, una uzito gani, na lebo ya bawa inasema kilo ngapi?

Kipanga wa Mlimani
Wa alaykum salaam kaka, Mungu akubariki, hayo ndiyo niliyoyataka. Nilijifunzia ufukweni Pangani, aliyeniuzia alikaa na mimi siku nne. Kule nilitua mara 9, zote kwa miguu, kama mtu anashuka ngazi. Sasa nipo nyumbani Arusha, narukia upande wa Monduli, alfajiri kabla jua halijachoma, kumetulia tuli. Hapa ndipo magoti yalipoanza. Kwa hiyo nadhani ni mkono wangu tu, nachelewa kuvuta.

Kerio Juu
Salamu kutoka Iten, Kenya. Huku kwetu Januari na Februari wageni wanaruka na mabawa yasiyo na injini kutoka ukingoni, karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, bonde la Kerio likiwa chini yao zaidi ya kilomita moja. Mjomba wangu ana miembe kule chini. Mwaka mmoja mgeni alitua juu ya mwembe, kamba zikajisokota kwenye matawi, tukashinda kutwa tukizitoa moja moja kwa sababu alikataa zikatwe. Mjomba alikula embe lake akamtazama tu.

Mswahili Maskati
Kipanga, hujajibu maswali mawili. Uzito wako na lebo.

Kipanga wa Mlimani
Uzito wangu ni wa kawaida, kaka. Bawa ni zima, halina tundu. Niliuliza zaidi kuhusu muda wa kuvuta breki.

Mswahili Maskati
Lebo imeshonwa ndani ya bawa, mara nyingi katikati au kwenye ncha. Lifungue, soma, uandike hapa.

Fundi wa Karakana
Na unaporuka Arusha umewaambia mamlaka ya usafiri wa anga? Kiwanja cha Kisongo kipo hapo hapo, asubuhi ndege za kwenda Serengeti zinapishana kama daladala.

Kipanga wa Mlimani
Fundi, mimi nipo mbele sana ya Kisongo na sipandi juu. Kibali nafuatilia.
Kaka wa Maskati, nimesoma. Imeandikwa 70–95. Mimi nina kilo 88.

Mswahili Maskati
Hizo 95 si zako peke yako, ni za kila kitu kilicho angani. Wewe 88, mota?

Kipanga wa Mlimani
Mota kilo 27. Petroli huwa naweka lita 10. Bawa lenyewe kilo 5. Kofia na buti.
Najua mnachotaka kusema. Lakini aliyeniuzia alinieleza kwamba bawa dogo ni zuri, lina kasi na halitikisiki ovyo hewani. Yeye ni mwembamba lakini anajua kazi. Na kununua bawa jingine sasa hivi haiwezekani, pesa yote imeishia hapa. Nikipata mbinu ya mkono nitatua.

Mswahili Maskati
Ndugu yangu, tupige hesabu pamoja. Jumla yako ni kilo 130 au zaidi kidogo. Bawa kama hilo likibeba 95 hutembea kama kilomita 38 kwa saa. Kwa kilo 130 linatembea 44 na zaidi, kwa sababu uzito ukizidi na kasi inazidi. Arusha mpo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, ongeza asilimia 7. Tumefika 47. Pangani upepo wa bahari ulikuwa unakupunguzia, tuseme, 20, kwa hiyo ardhi ilikuja kwako kwa 24 hivi, na ukivuta breki zinabaki hatua chache za kukimbia. Monduli alfajiri hakuna upepo wa kukupunguzia. Ardhi inakuja kwa 47. Ni mara mbili ya Pangani, na kishindo chake ni mara nne. Usain Bolt alipokimbia sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kama 44, na hakuwa na mota mgongoni.
Breki zitapunguza, ndiyo. Lakini kwa mzigo huo huna nafasi ya kukosea hata nusu sekunde, na wewe bado mwanafunzi. Mkono wako si mbovu. Bawa si lako.
Siku tisa ni za nini?

Dereva wa Singida
Kumbe hata ndege ina "usizidishe abiria".

Kipanga wa Mlimani
Kuna harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Kamati iliniomba nipite juu ya ukumbi saa kumi jioni, nimwage maua, halafu nitue uwanja wa shule ulio pembeni mbele ya maharusi. Nimepokea laki tatu za mwanzo, na hela nimeshanunulia propela. Siwezi kurudi nyuma, bibi harusi ni binamu yangu na imeshaandikwa kwenye ratiba. Uwanja ni mkubwa, nimeupima kwa hatua, 110. Na jioni kutakuwa na upepo, utanisaidia.

Mswahili Maskati
Saa kumi ardhi bado ina joto, hewa inapanda huku na kuzama kule. Upepo huo unaoutegemea utakuja kwa vipande. Ukipita nyuma ya jengo unavurugika, na chini kabisa unakatika ghafla wakati wewe ndiyo unauhitaji.

Mama Wawili
Propela ya zamani imeenda wapi?

Ukweli Mtupu
Wakuu, mnapoteza muda, hii ni chai. Nimesoma toka juu. Mwanzo kasema ameruka mara 14. Sasa kasema Pangani ametua mara 9. Hapa Monduli katua mara ngapi? Mtu wa harusi, wa maua, wa binamu, hana hata picha. Paramota mpya ni mamilioni. Kijana yupo kitandani anaangalia video, anatuchezea. Kipanga, Monduli mara ngapi? Na petroli unachanganya na nini?

Kipanga wa Mlimani
Monduli mara nne.
Petroli nachanganya na oili ya injini za mipigo miwili, lita 10 kwa mililita 200, kwenye dumu la njano la mafuta ya kula ambalo nimechora mstari kwa kalamu. Ukitaka mengine uliza. Kamba za mbele zina rangi nyekundu. Bawa nikilitandaza kwenye majani alfajiri linaloa umande na linakuwa zito, kwa hiyo nalipangusa kwa kanga ya mama kabla ya kuliinua. Kizimio cha injini ni kitufe chekundu, kimepasuka, nimekifunga kwa selotepu.

Ukweli Mtupu
9 na 4 ni 13. Moja iko wapi?

Dereva wa Singida
Hesabu za darasa la pili zimemkamata mtu.

Sajini Mstaafu
Muacheni kijana. Huenda amekosea kuhesabu.

Kipanga wa Mlimani
Sijakosea kuhesabu.
Jumapili iliyopita nilishuka kwa kasi ile ile. Nilikuwa natazama miguu. Nilipoinua macho kulikuwa na mbuzi mbele yangu, kundi zima, na mtoto anayewachunga, miaka tisa au kumi, amesimama na fimbo ananitazama. Nilivuta breki ya kushoto peke yake nimkwepe. Bawa likageuka, nikabembea, nikaingia katikati ya mbuzi. Injini nilikuwa sijazima. Propela ilimkata mbuzi mmoja shingoni na yenyewe ikavunjika vipande. Kipande kimoja nilikiokota hatua nne kutoka aliposimama mtoto. Nilizihesabu mara mbili.
Nilimlipa baba yake laki na ishirini. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Ndiyo maana nikaandika magoti.

Mama Wawili
Pole mwanangu. Pole sana. Na yule mtoto, umemwona tena?

Ukweli Mtupu
Sawa. Nimeelewa. Samahani, mkuu.

Mswahili Maskati
Nimesoma mara mbili. Ahsante kwa kulisema. Harusini watakuwepo watoto mia, na hakuna atakayewazuia kukimbilia utakapotua, maana watoto huja mbio kwa kitu kinachotoka angani. Mpigie mwenyekiti wa kamati leo, usingoje kesho.
Halafu mota iweke chini. Chukua bawa peke yake, vaa mkanda, kukiwa na upepo mwanana liinue lisimame kichwani na ujifunze kuvuta breki, mara hamsini, mia, mpaka mikono ijue bila wewe kufikiri. Bawa linalokutosha utalitafuta taratibu. Na mwalimu lazima, awe wa miezi, siku nne hazitoshi. Nitakuulizia wenzangu kama kuna anayekuja upande huo.

Fundi wa Karakana
Na kibali.

Kipanga wa Mlimani
Wakuu, narudi na taarifa. Nimezungumza na mwenyekiti wa kamati. Alikaa kimya, kisha akaniuliza hela naileta lini. Nimempa laki moja, iliyobaki mwisho wa mwezi. Binamu hapokei simu yangu.
Jana nilibeba vyote mpaka mashine ya kusaga, nikapanda kwenye mizani ya magunia nimevaa mota na buti, bawa mkononi. Kilo 131.
Mama Wawili, mtoto nimemwona. Leo alfajiri nilikwenda uwanjani na bawa tu, bila mota, akaja na mbuzi wake akasimama mbali. Nilimwita akakataa. Baadaye akasogea mwenyewe, akaniuliza kwa nini siku zote nateremka nikiwa nimeupa upepo mgongo. Nikamwambia asubuhi hakuna upepo, majani hayatikisiki. Akachota vumbi laini, akaliachia kutoka usawa wa kifua. Likaenda taratibu kutoka mlimani kuelekea tambarare. Anasema ni hivyo kila siku mpaka jua lipande, ndipo upepo unageuka.
Kuondoka huwa natazama mlima. Kutua huwa nageuka nitazame tambarare, kwa sababu upande huo hauna miiba.

Mswahili Maskati
Basi ile 47 ilikuwa 50 na kitu.
Kesho muulize jua likishapanda upepo unageukia wapi, na saa ngapi unatulia.