Albamu nimeirekodi peke yangu geto, sasa natakiwa kuwa na bendi ya jukwaani. Naanzia wapi?

NyuziSita (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabata, Dar es Salaam. Kwa mwaka na ushee nimekuwa nikirekodi nyimbo zangu za rock geto, na sasa zimefika tisa. Gitaa, besi, kinanda na sauti zote ni mimi, dramu nimezipanga kwenye laptopu. Vifaa ni vya kawaida: kadi ya sauti ya matundu mawili, maiki moja ya kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo), na godoro nililolisimamisha ukutani kupunguza mwangwi. Narekodi usiku majirani wakishalala, feni nimeizima, kwa hiyo naimba chini chini, mdomo karibu kabisa na maiki.

Nyimbo nimeziweka mtandaoni na zimepata wasikilizaji wake. Juzi mwenye ukumbi mmoja mdogo Mikocheni kanipigia, anataka nipige kwake baada ya masika, ila kwa sharti la bendi kamili. Hataki mtu na laptopu. Nimekubali kwa furaha, lakini sijawahi kuongoza bendi. Wapigaji wa rock hapa mjini ni wachache, nitafute watu wa aina gani? Niwaambie wapige kama nilivyorekodi, noti kwa noti, au niwaachie? Na kuhusu malipo na umiliki wa nyimbo, mnakubaliana vipi? Nyimbo hizi nazipenda, nisingependa zifike jukwaani zikiwa si zenyewe.

Fazi254

Kwanza hongera. Mimi niko Nairobi, napiga gitaa kwenye bendi ya watu watatu. Fuatilia safari ya Car Seat Headrest, bendi ya rock ya Marekani, itakufaa sana. Will Toledo alianza mwaka 2010 kwao Leesburg, Virginia. Ili aimbe bila kusikika nyumbani alikuwa akiingia kwenye gari la familia na kurekodia sauti humo, na jina la bendi, lenye maana ya kiegemeo cha kichwa cha kiti cha gari, likatoka hapo. Alitoa kazi nyingi Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, akiwa peke yake. Mwaka 2014 akahamia upande wa Seattle, akampata mpiga dramu Andrew Katz, na mwaka uliofuata wakasainiwa na lebo ya Matador.

Nikuonyeshe kitu kinachogusa swali lako. Albamu yao Twin Fantasy ya 2011 aliirekodi mwenyewe, kisha bendi ikairekodi upya yote na kuitoa 2018. Zisikilize zote mbili mfululizo kwa spika, si kwa simu. Ile ya kwanza sauti imezama, dramu ni kama ziko chumba cha pili. Ile ya pili dramu zinapumua, kila gitaa lina nafasi yake, na kuna mahali hata maneno yamebadilika. Nyimbo ni zilezile, na ile ya zamani haijafutwa na mtu, mashabiki bado wanabishana ipi kali zaidi. Kwa hiyo rekodi zako za geto zitabaki. Bendi itatengeneza toleo lake, na ukiipa uhuru huo utalala usingizi.

MzeeWaRithimu

Mwanangu NyuziSita, nimezisikiliza nyimbo zako huko mtandaoni. Una nyimbo nzuri. Mimi ni mtu wa dansi, miaka ya themanini nilipiga rithimu kwenye bendi hapa Dar, nitakwambia tulivyofanya sisi.

Njia yetu ilikuwa kinyume na yako. Wimbo ulitungwa, ukaenda mazoezini, ukapelekwa ukumbini watu wakaucheza wiki hata miezi, ndipo ukaenda kurekodiwa Radio Tanzania. Na pale RTD bendi nzima ilipiga kwa pamoja, mara moja. Akikosea mpiga tarumbeta, mnaanza upya wote. Ndiyo maana ukisikiliza rekodi za Msondo tangu enzi za NUTA Jazz, au za Mlimani Park, unasikia watu wanaojuana. Wimbo ulishakunjwa na kukunjuliwa mbele ya wachezaji kabla haujagusa tepu.

Wewe umeanza na tepu. Si vibaya, ila wimbo wako haujawahi kukutana na watu wengine, na hilo ndilo litakalokupa kazi. Wimbo wako wa tatu una magitaa manne, nimeyahesabu. Kwenye dansi tuna solo, solo la pili na rithimu, na kila moja lina njia yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kaa na yale manne uulize lipi linabeba wimbo. Mimi nasikia mawili: lile linalopanda mwanzoni, na lile la chini linalokatakata kwenye kiitikio. Mengine mawili yanajaza tu, na jukwaani besi na simbali zitajaza zenyewe.

Kuhusu wapigaji, usitafute mwenye fulana nyeusi. Tafuta anayesikiliza. Wapo vijana wa bendi za dansi na wa kwaya za makanisani, wana mikono mizuri kuliko wengi wanaojiita wa rock. Fazi, ule mkwaruzo wa gitaa la rock, na makelele utawafundisha kwa wiki moja. Kusikiliza mwenzio anapiga nini huwezi kumfundisha mtu kwa wiki moja.

Kibo_Kibo

Mkuu unajitesa bure. Weka playback, dramu na besi zitoke kwenye laptopu, wewe piga gitaa na uimbe. Wasanii kibao wanafanya hivyo na watu wanafurahi. Bendi ni gharama: nauli, chakula cha mazoezi, kukodi vyombo.

DadaMitambo

Kibo_Kibo, mwenye ukumbi kashasema hataki laptopu. Tena akiwa na ndoto ya matamasha makubwa, Sauti za Busara pale Zanzibar wanataka muziki upigwe moja kwa moja, playback haipandi.

Mimi ni fundi mitambo, nimekaa nyuma ya mixa kwenye kumbi nyingi. Kaka NyuziSita, kitu kitakachokushangaza siku ya kwanza ya mazoezi ni sauti yako. Umesema unaimba chini chini. Sauti ya namna hiyo nyumbani ni tamu kwa sababu maiki inasikia hadi pumzi. Jukwaani mpiga dramu akigonga snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, mita mbili nyuma yako, sauti hiyo inapotea. Nikiipandisha kwenye mixa, maiki inaokota simbali na spika za monita, zile za kujisikilizia jukwaani, zinaanza kupiga mluzi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtu yeyote, chukua gitaa, simama, imba kila wimbo kwa nguvu ya jukwaani. Utagundua kuna nyimbo zako ziko chini mno. Zipandishe ufunguo, nusu toni mbili au tatu, hadi kifua kifunguke. Fanya hivyo sasa, kwa sababu bendi ikishajifunza wimbo kwenye E ukaja kusema twende G, utawachosha. Maiki ya kondensa iache nyumbani, jukwaani tumia ya daynamiki, isiyookota kila kitu. Na mwambie mwenye ukumbi mapema unahitaji monita ngapi. Ukumbi mdogo mara nyingi una mbili tu, moja iwe yako, nyingine ya mpiga dramu.

NyuziSita

Shikamoo Mzee. Dada asante sana, nimejaribu usiku huu huu, nyimbo mbili kweli sauti haitoki kabisa nikisimama. Magitaa manne nimeyafungua kwenye kompyuta nikazima mawili aliyosema Mzee, na wimbo umesimama. Sikutegemea.

Naomba nielekezwe kuhusu dramu. Nilizipanga kwa kipanya, sijui mpiga dramu ataniangaliaje.

Kiki_na_Snea

Shikamoo ya Mzee aipokee mwenyewe, mimi ni mdogo wako huku. Nimesoma dramu TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Kaka, nimesikiliza wimbo wa kwanza. Kuna mahali haihati (simbali mbili zinazofungana) inaenda bila kukatika, snea inapiga, na tomu (dramu za mlio mzito) mbili zinashuka kwa wakati mmoja. Hiyo ni mikono mitatu au minne, binadamu ana miwili. Usione aibu, kila anayepanga dramu kwenye kompyuta hufanya hivyo. Mwachie mpiga dramu achague. Atakachokiacha ni haihati, na hapo ndipo tomu zitasikika vizuri, kwa kuwa kimya cha haihati ndicho kinachozipa uzito.

Mpe vitu viwili tu: mwendo wa wimbo kwa namba, na mahali unapotaka kiki, dramu kubwa ya mguu, ikae na besi. Zaidi ya hapo mwache. Fanyeni mazoezi ya kwanza watu wawili, wewe na mpiga dramu, bila besi. Wimbo ukisimama kwa gitaa, sauti na dramu, wengine wakija watakuta nyumba ina nguzo.

Halafu kuna mfano wa Bon Iver, bendi ya Justin Vernon. Vernon alirekodi albamu ya kwanza ya bendi hiyo karibu yote peke yake, kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin, majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007. Sauti amezipanga moja juu ya nyingine, mtu mmoja anasikika kama kwaya. Alipoanza kupiga mbele ya watu, kijana mpiga dramu Sean Carey alimfuata, alikuwa ameshajifunza nyimbo zote pamoja na sauti za pili. Kwa hiyo ukitafuta mpiga dramu au mpiga besi, uliza pia kama anaimba. Tabaka zako za sauti haziwezi kubebwa na mdomo mmoja.

Mama_Junia

Naongezea la malipo na umiliki, maana bendi nyingi huvunjika hapo. Mtunzi ni wewe, maneno na melodi ni vyako, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda. Sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaanza mazoezi, na BASATA, baraza la sanaa, upate usajili wa msanii. Lakini sheria hiyo inawatambua wapigaji pia, wana haki juu ya upigaji wao. Ukirekodi shoo na kuitoa, lazima muwe mmekubaliana.

Kaeni chini siku ya kwanza, muandike karatasi moja. Fedha ya mlangoni inagawanywaje baada ya kutoa gharama. Mtu akileta kipande kipya kilichobadilisha wimbo, anahesabiwa mtunzi mwenza au la. Kevin Parker wa bendi ya Tame Impala anarekodi karibu kila kitu peke yake, na wenzake wanaingia kwenye jukwaa, kila mtu anajua hivyo na kazi inaenda. Will Toledo aliyetajwa hapo juu aliwaingiza wenzake hadi studio. Njia zote mbili ni halali. Kinachoumiza watu ni kuambiwa "sisi ni bendi" wakati wa mazoezi, halafu siku ya malipo wanaambiwa ni vibarua.

Na hata kama huna hela, nauli ya mazoezi usikose. Mtu anayetoka Mbagala kuja Tabata kwa daladala mbili amebeba besi mgongoni, mrudishie nauli yake kila mara, hata kabla hajaomba.

NyuziSita

Mama Junia nimekupata, karatasi naiandika wikiendi hii. Swali la mwisho kwa Mzee: kati ya tisa, tuanze na zipi?

MzeeWaRithimu

Marahaba mwanangu. Muda ulionao ni mfupi kwa tisa. Chukua tano. Anza na ule wa sita, una kodi (chord) tatu na kiitikio kirefu, bendi itapata raha mapema na watu watabaki. Ule mrefu wenye kinanda uache hadi upate mtu wa kinanda, usiukatekate. Mkishaweza nyimbo hizo tano bila kusimama, itisheni majirani na marafiki kumi mahali popote penye umeme, mpige zote mbele yao kabla ya kwenda Mikocheni. Angalia wanapoanza kuongea wao kwa wao katikati ya wimbo. Hapo ndipo pa kupunguza.

Nina kijana Ilala anapiga besi na anaimba sauti ya pili, Jumapili yuko kanisani hadi saa saba mchana. Nitumie namba yako inboksi nikuunganishe naye.