Naomba ushauri: haki ya chakula yadaiwaje mahakamani?

Wanajamvi, hamjambo. Niko Ahero, Kisumu. Mafuriko yalisomba mpunga wetu, na kuna nyumba hapa kijijini ambazo watoto wanalala njaa. Wajane kadhaa waliachwa nje ya orodha ya msaada. Wakiuliza wanaambiwa wangoje.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Lakini cha 21 kinasema haki hiyo itatimizwa hatua kwa hatua, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Mimi naona tuna nguvu zaidi ya hapo. Serikali ikidai haina rasilimali, kifungu cha 20 kinaitaka yenyewe ithibitishe. Tena cha 53 kinampa mtoto haki ya lishe ya msingi, bila kuitaja hiyo hatua kwa hatua. Kule India, mwaka 2001, Mahakama ya Juu iliamuru watoto wapikiwe chakula shuleni.

Kifungu cha 22 kinaturuhusu kushtaki kwa niaba ya wengine. Je, tuanze na barua ya madai, au twende moja kwa moja Mahakama Kuu, Kisumu? Na jaji atakubali ushahidi gani wa njaa: rekodi za kliniki, au viapo vya akina mama wenyewe? Mwenye uzoefu anielekeze, tafadhali.