Naombeni ushauri: niendelee na Google Classroom huku Kaliua au niachane nayo?

Mwl_Kaliua: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Jiografia kidato cha tatu, shule ya kata huku Kaliua, Tabora. Tangu shule zifunguliwe Januari najaribu Google Classroom, lile darasa la mtandaoni la Google la kutolea na kukusanyia kazi. Sikuagizwa na mtu, nilichoka tu kubeba madaftari ya mikondo miwili kwenye bodaboda, na mvua za huku mnazijua.

Kwa upande wangu ni raha. Kazi naiandaa usiku kwenye kishikwambi (hivi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu), naipangia saa ya kutoka na siku ya mwisho, nasahihisha, alama zinajipanga zenyewe. Aliyechelewa anaonekana bila kubishana.

Shida ni wanafunzi. Shuleni simu marufuku, kwa hiyo wanaingia jioni kwa simu za wazazi. Kwenye orodha ya darasa nina "Mama Shija", nina "Wakala Baraka", na kuna mapacha wanatumia akaunti moja: kazi ya Kulwa inasomeka ya Doto. Karibu nusu hawajajiunga kabisa, nyumbani simu ni kitochi. Halafu huu ni msimu wa tumbaku, simu inaondoka na baba shambani. Sasa mkuu wa shule kafurahia, anataka alama za huko ziingie kwenye tathmini endelevu. Mnanishaurije?

Mgebuka: Alama usiingize, kaka. Mtoto wa kitochi atapata sifuri ya nini? Ya umaskini wa baba yake?

Mama_Wawili_Nzega: Mimi ni mzazi, si mwalimu. Mwanangu alipewa kazi za hivyo, video moja ikamaliza bando langu la wiki nzima. Mwalimu, weka maandishi tu, na zoezi lisiwe la kesho asubuhi. Mpe siku nne tano, simu ikipatikana atafanya. Ila kusema kweli ni bora kuliko lile kundi la WhatsApp walikokuwa wanabandika matokeo ya darasa zima, kila mzazi anasoma aibu ya mwenzake.

Fundi_Ujiji: Mama amegusa penyewe. Kwenye Classroom alama anaiona mwenyewe na walimu wa darasa hilo, basi. Kuhusu majina: orodha inachukua jina la akaunti ya Google. Simu moja inabeba akaunti zaidi ya moja, Kulwa na Doto wafunguliwe kila mtu yake, wawe wanabadilisha kwa kugusa ile duara ya picha juu kulia. Wakishaingia wote, zima msimbo wa darasa (ule wa kujiungia), usizagae mtaani. Na muhtasari wa barua pepe kwa wazazi hautaupata kwa akaunti ya kawaida, mpaka shule isajiliwe Google Workspace for Education, ile huduma ya Google ya mashule. Ngazi yake ya msingi ni bure, mwambie mkuu wako ahangaikie hilo badala ya alama.

Mtaaluma_Urambo: Una chumba cha kompyuta? Mtihani wa kuhesabiwa ufanyikie humo au kwenye karatasi, wote wakiwa sawa. Classroom ibaki ya mazoezi. Na swali lile lile andika ubaoni kabla hujatoka darasani, wa kitochi anakili kwenye daftari.

Mwl_Kaliua: Chumba kipo, kompyuta chache zinawaka, intaneti ndiyo hamna. La ubaoni nalichukua kuanzia Jumatatu. Mkuu nitamkabili, japo si mtu wa kuelezwa mara moja.

Fundi_Ujiji: Kama intaneti hamna, weka Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti. Inakaa kwenye kompyuta moja, nyingine zinaifikia kwa mtandao wa ndani, bando halihusiki.

Mwl_Kaliua: Notsi zangu za muhtasari wetu zitaingia, au ni masomo ya Wazungu tu?

Fundi_Ujiji: Zinaingia. Siku ukiwa mjini penye mtandao, fungua Kolibri Studio (tovuti yao ya kuandalia masomo), tengeneza chaneli yako, yaani mkusanyo wa masomo yako, pandisha notsi, kisha uishushe kwenye ile kompyuta. Za Word zigeuze PDF kwanza, zikiwa hivyo hivyo haizipokei.