Canon 2000D, Nikon D3500 au D7200 iliyotumika: ipi itafaa picha za Lamu?

PwaniMpya
Asalaam aleikum wanajukwaa. Bajeti ni shilingi 60,000, kamera na lenzi kwa pamoja. Kazi ni za aina tatu: vichochoro vya Mkomani na Langoni pamoja na ndani ya nyumba za kale zenye zidaka (vishubaka vya ukutani), mashindano ya mashua, na Maulidi (picha na video kidogo). Zimebaki tatu: Canon 2000D mpya, Nikon D3500 iliyotumika na Nikon D7200 iliyotumika. 4000D nimeiondoa kwa kuwa mdomo wake wa kufungia lenzi ni wa plastiki. Nipeni shauri.

FundiLenzi
Waaleikum salaam. 2000D na D3500 usizilinganishe kwa megapikseli. Moja ina 24.1, nyingine 24.2, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Angalia mwendo: 2000D hupiga picha 3 kwa sekunde, D3500 hupiga 5. Mashua ikifika kwenye boya na tanga likahamishwa upande wa pili, jambo lote huisha kwa muda mfupi, na hapo ndipo zile 2 za ziada zinapokufaa. Weka shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, upige JPEG. RAW, yaani faili ghafi, hujaza kumbukumbu ya ndani upesi, kamera ikasita katikati ya tukio.

Betri nayo si jambo dogo. Kwa kipimo cha watengenezaji, 2000D hufika picha 500 na D3500 hufika 1,550. Safari ya siku mbili kisiwani Kiwayu ukiwa na D3500, chaja waweza kuiacha nyumbani.

Canon inaishinda Nikon kwenye simu. 2000D ina Wi-Fi. D3500 ina Bluetooth pekee, na picha inayofika kwenye simu hupunguzwa hadi megapikseli 2. Kwa WhatsApp yatosha, kwa kuchapisha haitoshi, itabidi utoe kadi.

Kinachowaponza wengi ni lenzi inayokuja na kamera. Canon 18-55 zinazouzwa na 2000D ni mbili, na ukizitazama haraka utadhani ni moja. Iliyoandikwa IS II ina kizuia-mtikisiko, iliyoandikwa III haina. Kwa Nikon AF-P 18-55, tafuta herufi VR kwenye mwili wa lenzi, ndicho kizuia-mtikisiko cha Nikon. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu", igeuze usome mwenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni.

BintiShela
Nakubaliana na FundiLenzi kuhusu mwendo na betri, ila amepita haraka kwenye suala la mwanga, na kwa Lamu hilo ndilo suala lenyewe. Chukua chumba cha nyumba ya kale, mlango mmoja wazi kuelekea kiwanda (ua wa ndani), zidaka ziko ukuta wa ndani. Ukivuta 18-55 hadi milimita 35, tundu lake la kuingiza mwanga haliwi pana kuliko f/4.5 hivi (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Kwa shata 1/60 utalazimika kupandisha ISO (unyeti wa sensa) hadi 6400, na zile nakshi za chokaa zitajaa chengachenga. Lenzi ya 35mm f/1.8 huingiza mwanga mara sita zaidi, kwa hiyo picha ileile utaipata kwa ISO 1000. Kizuia-mtikisiko hakitakusaidia kama kuna mtu anayesogea. Hutuliza mkono wako, hakimtulizi mtu.

Kwa hiyo, kaka, toa pesa kwenye bodi (kamera bila lenzi) utie kwenye lenzi. D3500 iliyotumika pamoja na AF-S DX 35mm f/1.8G ndiyo chaguo langu. Jihadhari na lenzi za Nikon zenye herufi D, mfano 50mm f/1.8D. D3500 haina mota ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi hizo utazifokasi kwa mkono tu.

MlangoWaNakshi
Dada, 35mm kwa ndani sawa, lakini kwenye kichochoro itambana. Sensa za kamera hizi ni ndogo kuliko filamu ya zamani: zidisha milimita za lenzi kwa 1.5 kwa Nikon, 1.6 kwa Canon. 35mm inakuwa kama 52mm. Pale ambapo punda akipita na mzigo wewe unajibanza ukutani, huna pa kurudi nyuma, na mlango wa nakshi wenye futi saba hautaingia wote na fremu yake. Hapa Canon ina EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba, nyepesi, sawa na kama 38mm. Nikon DX (zile za sensa ndogo) haina ya kulingana nayo kwa bei nafuu. Inaizidi 18-55 kwa mwanga kiasi cha mara mbili tu, lakini nje mchana hilo halina shida.

Jambo jingine ni kupima mwanga. Kanzu nyeupe ikijaa fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaitoa ya kijivu. Kwenye kitufe cha +/- cha mwangaza, ongeza +0.7 hadi +1. Ikiwa kichochoro kina giza na kanzu imepigwa na mwale mmoja wa jua, fanya kinyume: punguza -0.7, la sivyo kitambaa kitaungua, na weupe ulioungua haurudishiki hata kwa RAW.

PwaniMpya
Nimeelewa, ahsanteni. Na D7200? Nasikia inastahimili maji na vumbi.

FundiLenzi
Bodi ndiyo ina mipira ya kuzuia unyevu. Ile 18-55 haina mpira kwenye mdomo wake, kwa hiyo rasharasha la chumvi litaingia hapohapo lenzi inapokutana na bodi. Usiipeleke ndani ya mashua ukidhani imefungwa kabisa. Uzuri wake uko kwingine: ina mota, zile lenzi za D zitafokasi, na ina pointi 51 za kufokasi dhidi ya 11 za D3500. Ubaya ni uzito, gramu 765 dhidi ya 415.

Yoyote iliyotumika, usilipe kabla ya haya. Piga picha moja, uiangalie kwa programu inayosoma taarifa za ndani ya faili. Nikon huandika humo idadi ya mara shata ilivyofunguka. Shata ya D7200 imepimwa kwa mara 150,000. Kisha weka f/22, elekeza angani, fokasi ikiwa imepotezwa: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa. D3500 haina mtambo wa kujitikisa vumbi, kwa hiyo hilo usilipuuze. Mulika tochi ndani ya lenzi ukitazama upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama za buibui, huo ni ukungu, achana nayo. Zungusha pete ya zumu karibu na sikio, mchanga wa Shela utausikia ukisaga. Mwisho, fungua mlango wa betri: ukijani kwenye vibati maana yake chumvi imeshaingia.

BintiShela
Akishanunua, kwa pwani: chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na pakiti kadhaa za silika, si mkoba wa ngozi. Ukungu hupenda giza na unyevu. Akitoka chumba chenye kiyoyozi, aiache kamera ndani ya mkoba nusu saa kwanza. Tone la chumvi kwenye kioo lisifutwe kavu, litakwaruza: puliza, kisha kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kikavu.

MlangoWaNakshi
Video ya Maulidi nayo isisahauliwe. 2000D na D3500 zote hazina tundu la maikrofoni. Matari yakianza, maikrofoni ya ndani hushusha sauti yote na kasida inamezwa. D7200 inalo tundu hilo. Kama video ni kidogo kweli, rekodi sauti kwa simu iliyowekwa karibu na wasomaji, kwa ruhusa yao, uunganishe baadaye.

PwaniMpya
Basi ni D3500 yenye VR, na 35mm ikifuata pesa ikipatikana. Vichochoro nitaanza na 18mm ya hiyohiyo ya boksi. Kesho naenda kuiona, tochi ninayo.

FundiLenzi
Nenda na kadi yako ya SD, ya muuzaji usiitumie. Na betri, itoe uilaze mezani: ikiyumba, imevimba.