Kubadilisha pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za gitaa la besi mwenyewe, inawezekana?

besi_mbagala: Wakuu habari za saa hizi, nina gitaa la besi lenye pikapu mbili muundo wa Jazz Bass, nikifunga volyumu moja linavuma balaa, nikifungua zote kimya. Nimepata pikapu nyingine ila fundi kataja bei mpaka nikanyamaza 😂 nianzie wapi?

waya_mwekundu: Mkuu subiri kwanza. Hizo za koili moja (waya mmoja uliozungushwa kwenye sumaku) ndo zilivyo, moja imesukwa kinyume na mwenzake ili zikiwa wazi zote mvumo ujifute, kwahiyo ukiweka nyingine za koili moja utavumiwa vilevile. Hizo mpya ni za aina gani?

besi_mbagala: Za kuzuia mvumo, koili mbili ndani

waya_mwekundu: Hapo sawa. Pima urefu lakini, kwenye besi nyingi pikapu ya upande wa shingo ni fupi kidogo kuliko ya nyuma.

dada_wa_kwaya: Piga picha waya zote kabla hujagusa kitu!! Pasi ya kuchomea risasi Kariakoo zipo kibao, chukua yenye ncha nyembamba, usiikalishe sana kwenye poti (kile kifaa chini ya kitufe cha volyumu) itaungua. Na ule waya wa ethi unaoenda kwenye briji (chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) usiukate. Kabla hujarudisha nyuzi chomeka kwenye amplifaya, gusagusa kila pikapu na bisibisi usikie kama inagonga.

waya_mwekundu: Ukifungua zote ukasikia sauti nyembamba, besi imepotea, badilishanisha nafasi za waya mbili za pikapu moja tu

besi_mbagala: Shukrani wakuu, Jumamosi nafungua