Je, dondoo za mimea zimethibitika kulinda ini la mgonjwa wa kisukari?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mezani ni kwamba dondoo za mimea zenye antioksidanti (viambato vinavyozuia molekuli zinazoharibu seli) zimethibitika kulinda ini dhidi ya madhara ya kisukari, na kwamba anayezitilia shaka anaidharau tiba ya asili. Mimi siidharau: metformini yenyewe, dawa ya kisukari, chimbuko lake ni uchunguzi wa viambato vya mmea wa Galega officinalis. Ninachokikataa ni neno "zimethibitika".

Ushahidi mwingi unaotajwa unatokana na panya waliodungwa streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zitoazo insulini. Sukari yao hupanda ndani ya siku chache, radikali huru, yaani molekuli zinazoharibu seli, huongezeka, vimeng'enya vya ini vya ALT na AST huvujia kwenye damu kama ishara ya ini kudhurika, na wakinyweshwa dondoo kwa wiki kadhaa vipimo hivyo hushuka. Siyapingi matokeo hayo. Lakini streptozotosini huweza kulidhuru ini moja kwa moja, kwa hiyo hatujui kama dondoo imetibu athari za kisukari au imepunguza tu makali ya kemikali hiyo. Tena, tofauti na panya hao, katika kisukari cha aina ya pili ini la binadamu huharibika kwa miaka mingi, mafuta yakijilimbikiza ndani yake kwa kuwa mwili hauitikii insulini ipasavyo, hadi makovu yanapojitokeza.

Kuna pia suala la kipimo. Miligramu 400 kwa kila kilo ya panya, zikigeuzwa kuwa kipimo cha binadamu kwa kanuni ya ukubwa wa eneo la nje la mwili, ni takribani gramu 4.5 kila siku kwa mtu wa kilo 70, na hicho si kiasi cha kumeza kwa kubahatisha. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa katekini (antioksidanti) za chai ya kijani, zikitumiwa kama virutubisho kwa miligramu 800 au zaidi kwa siku, huhusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Yaani antioksidanti ileile inayosifiwa kwa kulinda ini.

Mtetezi mmoja ametaja vitamini E. Ni kweli kwamba jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha nafuu ya ini lenye mafuta na uvimbe, ila wagonjwa wa kisukari hawakujumuishwa. Basi naomba wanaotetea hoja hii watuletee jaribio la watu wenye kisukari, lenye kundi la kulinganisha, lililopima makovu ya ini na si vimeng'enya peke yake.