Kipanya kinabofya mara mbili chenyewe: nikitengeneze au ninunue kingine?

Mkono_wa_Umoja

Habari za jioni wadau. Nina kipanya kinachonipeleka mbio. Nakaa Umoja, Nairobi, mchana nipo saiba, duka la intaneti, karibu na Mutindwa nikijazia watu fomu, usiku nipo kwenye mchezo wa Dota 2. Kipanya ni hicho hicho kimoja, nakibeba kwenye mfuko wa koti kwa sababu vile vya saiba vimechakaa kiasi cha kutia huruma. Kampuni siitaji, maana nikiitaja hapa patageuka uwanja wa mashabiki.

Ugonjwa ulianzia kitufe cha kulia. Duka la Dota unanunua kwa kubofya kulia. Mimi nabofya mara moja, chenyewe kinanunua mbili. Juzi katikati ya mechi nikajikuta na jozi mbili za Boots of Speed na dhahabu haipo. Ndiyo, ndani ya sekunde 10 unaweza kurudisha kitu kwa bei ile ile uliyonunulia, lakini sekunde hizo ndizo mwenzako anauawa huku akikuita majina. Sasa umehamia kushoto. Mdogo wangu anacheza Counter-Strike 2 kwa laptopu yangu hii hii. Akishikilia kitufe amwage risasi, zinakatika katikati, naye anamwaga matusi ambayo mama akiyasikia tutahama wote. Kazini ndiyo balaa zaidi. Navuta picha ya pasipoti ya mteja kuipeleka kwenye folda yake, inaniponyoka njiani na kuangukia folda ya mtu mwingine.

Nimebadilisha tundu la USB, nimekichomeka kwenye kompyuta nyingine, hali ni ile ile. Nikikipuliza kwenye mwanya wa kitufe kinatulia jioni moja, kesho kinarudia.

Muuzaji mmoja wa mtaa wa Luthuli mjini ameniambia nichukue cha DPI 16,000 chenye taa saba, eti DPI ikiwa kubwa kipanya kinadumu. Mkono wangu ni mkubwa na nakishika kwa kiganja chote. Mfukoni nina elfu tatu, nikibanwa sana elfu nne. Kuna la kufanya au nianze tu kutafuta kingine?

Kadogo_wa_Rongai

Dawa ni kupunguza kubofya. Nyinyi watu wa Dota mnaibofya ile ardhi mara kumi ili shujaa apige hatua moja, kana kwamba hakusikia.

Fundi_Lehemu

Kadogo anatania, lakini kuna ukweli hapo, nitaufikia.

Mkono, pole. Mimi hutengeneza kibodi na vipanya, kwa hiyo vumilia maneno. Hicho kipanya hakijafa. Kilichochoka ni kidude kimoja chini ya kila kitufe, swichi ndogo ya plastiki ambayo urefu wake haufiki milimita 13. Ndani yake kuna ulimi mwembamba wa shaba uliokunjwa ukakazwa. Ukibonyeza, ulimi unaruka kwa ghafla na kugusa kituo cha chuma, kama kifuniko cha chupa ya jemu kinavyolia *tak* ukikibonyeza katikati. Hata swichi mpya haigusi ikatulia papo hapo. Ulimi hudundadunda kidogo, na chipu ya kipanya imepangwa ivumilie milisekunde chache mpaka mdundo uishe. Sasa ulimi ukilegea, na pale panapogusana pakiota utando mweusi, mdundo unarefuka kupita ule muda wa kuvumilia. Chipu inaona kugusa, kuachia, kugusa tena. Kwake wewe umebofya mara mbili. Risasi za mdogo wako na zile picha za pasipoti ni ugonjwa huo huo: chipu imeona kuachia ambako kidole hakikuachia. Kupuliza hakuutoi ule utando, ndiyo maana nafuu yake hailali.

Sasa hesabu, na hapa Kadogo ana haki yake. Tuseme sanduku limeandikwa swichi inadumu mibofyo milioni 20. Mtu wa Dota mwenye kidole chepesi anaweza kubofya kulia mara 150 kwa dakika. Mechi ya dakika 40 ni 6,000. Mechi tano kwa usiku ni 30,000. Gawanya milioni 20 kwa hizo, unapata siku 667, miaka miwili haitimii. Na vya bei yako vingi havifiki hata hapo. Logitech G102, ambayo naipenda, kampuni yenyewe inaipa milioni 10. Halafu idadi hizo zinatoka kwa mashine inayobonyeza wima, kwa nguvu ile ile, mahali safi. Wewe unabonyeza kwa hasira, dirisha likiangalia barabara ya vumbi, na vidole vina mafuta ya chipsi.

Yule muuzaji mwambie asante, upite. DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya kinahesabu kikisogezwa inchi moja, basi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike hadi leo wako kwenye 400 au 800. Haihusiani na kudumu hata chembe, na taa saba ni za kumfurahisha mtoto.

Ushauri wangu: badilisha swichi. Zile za Omron, Kailh, Huano na TTC za umbo la kawaida zinaingiliana, zina miguu mitatu iliyopangwa sawa. Fundi mwenye mkono mtulivu anamaliza zote mbili ukinywa chai, na swichi zenyewe ni pesa ndogo kuliko kipanya kipya. Nyingine zinaandikwa milioni 80. Sikuahidi kwamba utazifikisha, ila utaondoka kwenye hizi za milioni 10.

Ila chunga jambo moja. Skrubu karibu kila mara zimefichwa chini ya vile vinyayo vyeupe vya kuteleza. Ukivibandua kwa ukucha vinakunjika, ukivirudisha kipanya kinakwaruza meza. Vipashe moto kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele kisha uviinue taratibu kwa kadi ya plastiki, au nunua vingine kabla hujaanza.

Dada_Roysambu

Fundi umeeleza vizuri lakini kila swali kwako jibu ni lehemu. Wengine hatutaki kufungua vitu.

Mkono, kuna swichi za mwanga. Razer waliziweka kwenye kipanya cha Viper mwaka 2019, na sasa makampuni mengine yanazo pia. Ukibonyeza, kinachotokea ni mwale wa infraredi kuzibwa au kufunguliwa. Hakuna chuma kinachogusa chuma ili chipu ijue umebofya, kwa hiyo ule mdundo na ule utando havina pa kukaa. Huu ugonjwa wako wa mara mbili unauaga kabisa. Mimi natumia Viper Mini, gramu 61. Nacheza Valorant hadi usiku wa manane na mkono hauchoki, na vitufe viko vile vile. Lakini mimi mkono wangu ni mdogo na nashika kwa ncha za vidole. Wewe wa kiganja kizima utakikumbatia mpaka vidole vigonge meza. Usikubali mtu akuuzie hicho kwa sababu tu kinasifiwa.

Kabla hujalipa popote, weka mkono juu yake kama unavyocheza, kidole gumba kikiwa kwenye vitufe vya ubavuni, ukae hivyo hata dakika mbili, hata wauzaji wakuchoke. Wakikuambia sanduku halifunguliwi mpaka ulipe, nenda duka la pili, Luthuli haiishi maduka. Na ubavu wa mpira laini uukwepe. Ule mpira kwa jasho na joto unageuka kuwa utelezi wa kunata, huwezi kuusafisha ukaisha. Plastiki kavu yenye mikwaruzo ya kiwandani inakaa miaka.

Jingine ni feki. Ukienda kuchukua G102 au kingine chochote chenye jina, beba laptopu yenye programu ya kampuni hiyo. Kichomeke pale pale kaunta. Programu isipokitambua, kirudishe kwenye sanduku ukiwa bado na pesa zako, maana risiti za kwetu zimeandikwa bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, na wanamaanisha.

Fundi_Lehemu

Dada, nakubali kuhusu mwanga, sina ubishi. Nitaongeza mawili tu. Swichi ya mwanga ikiharibika, haibadilishwi na hizi za kawaida, bodi yake ni tofauti, na kuipata mtaani si rahisi. Pili, mwanga wa vitufe hauliponyi gurudumu. Kwa wachezaji wengi gurudumu ndilo linalofuata kufa: unaviringisha chini, ukurasa unaruka juu. Mle ndani kuna kihesabu chake chenye vipande vya chuma vinavyosuguana, nacho kinashika vumbi na kuchakaa kivyake. Kinabadilishwa pia, ila lazima upime kimo chake, kuna vya milimita 9, vya 11 na kadhalika, ukikosea gurudumu linakaa juu au linazama.

Mzee_wa_Mitumba

Vijana mnazungumza elfu nne kama ni nauli. Vipanya vya ofisi vilivyotumika Uingereza vinamwagwa mjini kwa bei ya chakula cha mchana. Vizito, vibaya wa sura, havifi. Kazi ya saiba hiyo hiyo inatosha. Kwa nini ukajaze fomu za watu na kipanya cha vita?

Mkono_wa_Umoja

Mzee hapo umenigusa. Kwa kweli kazini sihitaji chochote cha ajabu, nitatafuta hicho cha mitumba, cha vita kibaki nyumbani.

Fundi, nina maswali. Moja, nimeona kwenye programu ya kipanya changu kuna mahali pa kuongeza ule muda wa kuvumilia mdundo, pamewekwa milisekunde 4 na panafika 16. Nikiupandisha si nitakuwa nimepona bure? Mbili, dawa ya kunyunyizia ya kusafisha umeme, inafaa? Tatu, nikiacha waya nikachukua cha betri, huu ugonjwa unapungua?

Fundi_Lehemu

Moja. Pandisha mpaka 8 ujaribu leo usiku, haina gharama. Kwa Dota hutahisi kitu. Mdogo wako wa Counter-Strike anaweza kulalamika kwa sababu kwenye programu nyingine muda huo unaongezwa kwenye kila mbofyo. Lakini ulimi unaendelea kulegea. Utapandisha 8, kisha 12, kisha 16, halafu utarudi hapa. Ichukue kama muda wa kutafuta pesa.

Mbili. Inasaidia ikifika ndani ya swichi, ambako kwa nje haifiki sawasawa. Ukinyunyizia juu juu unalowesha bodi na kuosha grisi ya gurudumu, unaanza ugonjwa wa pili. Anayejua hufungua kipanya, anachungulia swichi, anadondosha tone moja la spiriti safi kwenye mwanya wa kile kidude cha kubonyezwa, anabonyeza mara nyingi, anaacha ikauke kabisa kabla ya kuchomeka. Inaweza kukupa wiki, inaweza kukupa miezi.

Tatu, hapana, na unaweza kujikuta pabaya zaidi. Pale panapogusana panahitaji mkondo wa umeme wa kiasi fulani ili utando mwembamba uvunjwe kila unapobofya. Kipanya cha betri kimebanwa kitumie umeme kidogo iwezekanavyo, kwa hiyo utando unabaki. Ukitaka cha betri kwa sababu ya uhuru wa mkono, sawa, Logitech G304 inatumia betri moja ya AA na stima ikipotea haikuhusu. Ila kwa betri yake ni gramu 99, na usikinunue ukidhani swichi zitadumu zaidi.

Kadogo_wa_Rongai

Stima ikipotea kompyuta nayo itakuwa imezimika, Fundi. Atakuwa anasogeza kipanya gizani.

Fundi_Lehemu

Ana laptopu huyo, soma vizuri.

Mkono_wa_Umoja

Ni laptopu, ndiyo, ingawa betri yake inashika dakika tano tu za kumwambia mtu kwaheri.

Basi nimeamua. Hiki kimekaa vizuri mkononi na sijaona umbo kama lake kwa elfu nne, kwa hiyo nakibadilisha swichi zote mbili, kulia na kushoto. Cha mitumba kinaenda saiba. Dada, zile za mwanga nimeziandika, siku nikipata chenye mwili mkubwa nitakuja kukuuliza. Fundi, nikinunua swichi mwenyewe nimpelekee mtu wa karibu huku Umoja, nimwambie nini asije akanichomea bodi?

Fundi_Lehemu

Usimwambie, mwangalie. Akikuomba pampu ya kunyonya lehemu au utambi wa shaba, umepata mtu. Akianza kuing'oa swichi kwa koleo huku anaipasha mguu mmoja mmoja, chukua kipanya chako uende, atang'oa na njia za shaba za bodi na hapo hata mimi sitakusaidia. Piga picha ya swichi za zamani kabla hazijatoka: kile kidude cha kubonyezwa hakiko katikati, kimesogea upande mmoja, na kikigeuzwa kitufe hakitakifikia. Nunua tatu badala ya mbili, na ile ya tatu muulize kama anaweza kukuwekea kwenye kitufe cha gurudumu. Kama pale pana swichi ya aina nyingine, hiyo ya tatu ihifadhi, kulia kutachoka tena kabla ya kushoto.